Bata watatu wameliwa vichwa usiku mmoja, wavu haujakatika. Nijenge banda gani hapa Dodoma?

#1 Mama Wawili Ilazo
Wakuu habari zenu. Nipo Ilazo, Dodoma mjini. Watoto wangu wana bata, si wa kuchinja wala wa biashara. Wana majina, na watoto wakirudi shule bata wanakimbilia getini kuwapokea. Juzi usiku wamekufa watatu.

Banda ni la mabanzi pande tatu, mbele kuna waya wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita. Asubuhi nimekuta wote watatu wamelala hapo mbele karibu na waya. Vichwa havipo, shingo zimetafunwa, miili haijaguswa. Waya haujakatika popote, komeo la mlango liko kama nilivyolifunga, chini hakuna shimo. Waliobaki walikuwa wamejibana kona ya nyuma, mpaka leo hawataki kuingia humo jioni, inabidi tuwabebe mmoja mmoja.

Jirani anasema kicheche. Shemeji anasema bundi. Kijana wa ulinzi anasema ni mtu. Naomba mnisaidie mawili: nani kafanya hivi, na nijenge banda la namna gani ili yasirudi. Lile nalibomoa lote. Nyuma ya nyumba nina nafasi ya mita nne kwa tatu na nataka fundi amalize kabla mvua hazijaanza Desemba.

#2 Mzee wa Mpwapwa
Pole sana mama, na wape pole watoto. Huyo ni kicheche, wala usihangaike kutafuta mwingine. Kicheche hana shida na nyama, anafuata damu. Anakata kichwa, ananyonya, anahamia kwa mwingine. Ukiona mwili mzima umeachwa, ni yeye. Na ukiinama pale asubuhi unasikia harufu yake.

#3 Kijana wa Mtumba
Shikamoo mzee. Mimi naona nguchiro. Huku Mtumba wanapita makundi kwa makundi, tangu majengo yalipoanza kuingia porini wamehamia kwenye makazi. Vifaranga wa jirani yangu wamekwisha hivyo hivyo.

#4 Mfugaji Msomi
Pole dada. Nirekebishe kidogo hapo juu kwa heshima.

@Mzee wa Mpwapwa, hakuna mnyama wa kwetu anayenyonya damu ya kuku au bata. Anauma shingo kwa sababu ndiko kuua ni kwepesi. Damu inakuwa haionekani nyingi kwa kuwa inagandia ndani, ndipo watu wanasema imenyonywa.

@Kijana wa Mtumba, wale nguchiro wadogo wenye miraba mgongoni wanaotembea kwa makundi huwinda mchana. Giza likiingia wapo ndani ya vichuguu wamelala. Nguchiro wa usiku yupo, ila ni mwingine: mkubwa, mkia mweupe, anatembea peke yake. Vifaranga wa jirani yako waliliwa mchana au usiku?

Swali kwa mwenye uzi: bata wako walikuwa wanalala wakigusa ule waya?

#5 Kijana wa Mtumba
Mchana mkuu. Saa nne hivi.

#6 Mama Wawili Ilazo
Marahaba nyote, asanteni. @Mfugaji Msomi ndiyo, walipenda kulala pale mbele kabisa, wanaegemea waya, nadhani kwa ajili ya hewa. Kipindi hiki joto la hapa mnalijua.

#7 Mfugaji Msomi
Basi hapo ndipo penye tatizo, awe nani awaye. Bata akiegemea waya, kichwa na shingo vinakaribiana na tundu. Mnyama akija upande wa nje anaingiza mkono au mdomo, anashika kinachofikika, anavuta. Kinachopita anakula, mwili haupiti, unabaki ndani. Hana haja ya kukata waya wala kuchimba. Paka shume anaweza hilo. Kanu, yule mnyama wa usiku mwenye madoa anayefanana na paka, anaweza pia, na huyo ni mwembamba, tundu ambalo wewe unaliona dogo yeye kichwa kikipita na mwili unapita.

Waya wa kuku kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Haukutengenezwa kumzuia mnyama asiingie. Mbwa mwenye njaa anauchana kwa meno.

#8 Shemeji wa Kikuyu
Mimi simo kwenye familia hiyo ila naungana na shemeji: bundi. Bundi mkubwa akikamata ndege wa mwili mzito asiyeweza kumbeba, anakula kichwa na shingo anaondoka. Nimeona kwa macho yangu kwa kanga wa mzee wangu, asubuhi kanga wamelala chini ya mgunga hawana vichwa na manyoya yametapakaa.

#9 Mfugaji Msomi
@Shemeji wa Kikuyu kweli bundi huanza na kichwa. Lakini kanga wale walikuwa wamelala mtini, hewani. Hawa walikuwa ndani na paa lipo. Bundi aliingilia wapi?

#10 Shemeji wa Kikuyu
Kati ya bati na ukuta. Muulize mwenye banda kama aliziba juu.

#11 Mama Wawili Ilazo
Juu kuna uwazi, kama upana wa kiganja, pande zote. Fundi aliuacha kwa ajili ya hewa.

#12 Shemeji wa Kikuyu
Haya.

#13 Mpangaji Chang'ombe
Kiganja cha nani? Wekeni vipimo wakuu, bundi mkubwa kwenye kiganja hapiti, mabawa atayaweka wapi. Mimi nimekaa pembeni nasoma, naona bata wa Ilazo wanajengewa nyumba yenye ramani kuliko chumba changu. Mkimaliza mniambie kama wanapokea mpangaji.

#14 Fundi wa Miyuji
Mbukwenyi. Mimi ni fundi, mabanda nimejenga mengi kuanzia Miyuji hadi Nzuguni, kwa hiyo ya nani kala nawaachia nyie. Mama nisome taratibu hapa.

Tuseme una bata sita: eneo la kulala chukua mita mbili kwa mita moja na nusu. Bata mmoja hahitaji zaidi ya nusu mita ya mraba usiku, lakini ukijenga kubwa kidogo hutajuta, maana bata ni wachafu wa maji na unyevu ukikaa miguu inaoza. Nafasi yako iliyobaki iwe uwanja wao wa mchana.

Msingi: kozi mbili za tofali la saruji, moja ndani ya ardhi, moja juu. Hapo umemaliza kesi ya anayechimba. Nyegere peke yake ndiye wa kumwogopa kwenye kuchimba, na hata yeye akikuta tofali anazunguka kutafuta penye udongo. Kama huwezi tofali, basi wavu uzame chini sentimita 30, au uulaze juu ya ardhi kwa nje upana wa nusu mita halafu uufukie. Mnyama anaanza kuchimba pale ukuta ulipogusana na ardhi, anakutana na wavu, haelewi kwamba arudi nyuma.

Ukuta: tofali za kuchoma mpaka kiunoni, ubaya wake wowote nitakujibu. Juu ya hapo wavu wa chuma wa kuchomelea, tundu nusu inchi. Si wa kuku. Ule ukiwa wa nusu inchi mkono wa kanu haupiti, panya hapiti, nyoka mkubwa hapiti. Uufunge kwa nje ya fremu, upigiliwe na ubao juu yake na skrubu zenye washa. Misumari ya kukunja, ile ya herufi U, inang'oka mbao ikikauka, na jua la Dodoma linakausha mbao kweli kweli.

Ukishakuwa na ukuta wa kiunoni, bata akilala chini haonekani kutoka nje wala hagusi wavu. Hiyo ndiyo dawa ya kilichotokea kwako. Hewa inapita juu ya vichwa vyao, ubaridi hauwapigi.

Mwelekeo: urefu wa banda uende mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige ukuta mfupi. Upepo wetu mwingi unatoka mashariki na kusini mashariki, kwa hiyo ukuta mfupi wa mashariki uujenge hadi juu usiache wavu. Juni na Julai utanikumbuka.

Mlango: bata hawaingii mmoja mmoja kama kuku, wanaingia wote kwa pamoja wanasukumana. Weka upana wa nusu mita. Usiweke ngazi, weka mteremko wa ubao wenye vijiti vya kukanyagia, bata ana miguu mifupi na akiteguka anachechemea mwezi. Komeo mbili, moja juu moja chini, na moja iwe na kufuli. Komeo moja la katikati mlango unabonyea pembeni, kinapatikana kiupenyo cha vidole vitatu.

Na ule uwazi wa juu usiuzibe kwa ubao, uzibe kwa wavu huo huo.

#15 Mama Wawili Ilazo
@Fundi wa Miyuji asante sana, nimeuchapisha huu ujumbe. Sakafu je? Udongo au saruji?

#16 Fundi wa Miyuji
Saruji, yenye mteremko kuelekea kwenye tundu la kutolea maji, na juu yake maranda ya mbao au pumba za mpunga za kutoka Bahi, unene wa vidole vinne. Unabadilisha zikilowa.

#17 Mzee wa Mpwapwa
Hapo kwenye saruji sikubali. Saruji ni ngumu kwa nyayo za bata, anavimba chini ya mguu kinatoka kijipu cheusi, ukikikamua kuna ugumu ndani kama punje ya hindi. Bata mzito akiruka kutoka kwenye tofali akatua kwenye saruji kila siku, ndio mwisho wake huo. Udongo uliopondwa na kinyesi cha ng'ombe ukisiribwa vizuri hauleti shida hiyo.

Na kwa nini mnakimbilia bati? Wazee wetu wa Kigogo walijenga tembe, kuta za udongo na paa la udongo, mchana ndani kuna ubaridi, usiku kuna joto. Bati saa nane mchana mwezi wa Oktoba ni tanuri.

#18 Fundi wa Miyuji
Mzee shikamoo. La joto nakubali mia kwa mia, ndiyo maana chini ya bati naweka dari ya mabanzi na nyasi juu yake, hewa inapita katikati. Lakini paa la tembe kwa banda dogo: panya wanachimba, nyoka wanafuata panya, mchwa wanakula boriti, na mvua kubwa moja ya Januari ikikuta hujalikandika upya, linawaangukia.

La nyayo ni kweli pia, ila maranda yakiwa mazito saruji haimgusi bata.

#19 Mzee wa Mpwapwa
Marahaba. Tembe yangu ina umri kuliko wewe na haijamwangukia mtu.

#20 Mpangaji Chang'ombe
Fundi kimya hapo, usijibu.

#21 Nzuguni B
Kuhusu mchwa: nguzo tunapaka oili chafu ya magari, mchwa hagusi. Rahisi, gereji wanakupa bure.

#22 Mfugaji Msomi
Kwa bata hapana, tafadhali. Bata anajisafisha manyoya kwa mdomo kutwa nzima. Akijisugua kwenye nguzo yenye oili, mafuta yanaingia kwenye manyoya, anayaramba yanaingia tumboni. Na manyoya yakishika oili hayazuii maji tena, analowa hadi kwenye ngozi. Kama lazima upake, paka sehemu ya nguzo inayozama ardhini tu. Au tumia bomba la chuma.

#23 Daktari wa Mifugo Mstaafu
Nimefuata uzi tangu juzi. Poleni kwa msiba huo, maana kwa mtoto ni msiba.

Nataka niulize jambo ambalo wote mmelipita. Mna uhakika gani kwamba walikuwa hai walipoliwa? Bata watatu kulala mahali pamoja wakatafunwa shingo bila mmoja kupiga kelele, bila manyoya kutapakaa, bila nyumba nzima kuamka? Inawezekana walikufa kwanza, panya au paka akaja kutafuna baadaye. Panya huanza na sehemu laini.

Na kama walikufa kwanza, kwa mkoa wetu mimi swali langu la kwanza ni chakula. Walikula nini? Pumba? Mashudu ya karanga? Mahindi yaliyobaki stoo? Bata ni katika wanyama wanaodhurika upesi kabisa na sumukuvu. Mwaka 1960 kule Uingereza bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa kwa mashudu ya karanga yenye ukungu, na vifaranga wa bata walikufa pia. Ndipo sumukuvu ikagunduliwa. Baada ya hapo maabara zilitumia kifaranga wa bata wa siku moja kupima kama chakula kina sumu hiyo. Na sisi hapa tusijifanye tumesahau mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu walivyougua ini na wengine kufa kwa mahindi yenye sumukuvu. Sumu ile haionekani kwa macho kila mara na kupika hakuiondoi.

Bata mkubwa kwa kawaida huchukua muda: anakonda, manyoya yanasimama, hali chakula vizuri. Je, uliona dalili yoyote wiki kabla?

La pili ni maji. Shingo zao walipokuwa hai zilikuwa zimelegea? Beseni lililokaa na tope kwenye joto, kukiwa na mzoga wa panya au funza ndani yake, linatoa sumu ambayo humlegeza bata shingo, haiwezi kuinuka, anakufa kama aliyelala.

#24 Mama Wawili Ilazo
Shikamoo daktari. Walikula pumba za mahindi na mabaki ya jikoni, na mchicha. Siku ile jioni walikuwa wazima, mmoja alikuwa akimfukuza mtoto wa jirani uwanjani. Sikuona kulegea. Kelele sikusikia, lakini feni ilikuwa imewashwa na usiku huo kulikuwa na upepo mkali.

#25 Daktari wa Mifugo Mstaafu
Marahaba binti yangu. Aliyekuwa anafukuza mtu jioni hakufa kwa sumukuvu usiku huo, labda awe na jambo jingine. Lakini pumba zibadilishe hata hivyo. Zinuse, zishike. Zikiwa na donge au harufu ya uvundo usimpe kiumbe chochote. Mizoga ingehifadhiwa kwenye barafu ikapelekwa kwa mtaalamu akaipasua, tungejua kama kuna damu chini ya ngozi ya shingo. Ikiwepo, waliumwa wakiwa hai. Isipokuwepo, walikuwa maiti.

#26 Mama Wawili Ilazo
Tuliwazika daktari. Watoto walitaka hivyo.

#27 Kibaigwa Sokoni
Daktari heshima kwako, ila watu wakisoma hapa wataogopa kila pumba inayotoka Kibaigwa. Tatizo kubwa ni uhifadhi. Mtu ananunua gunia kavu, analiweka chini sakafuni bila chaga, mvua ya Januari inapenyeza, mwezi wa tatu analisha mifugo. Nunua kidogo kidogo, weka juu ya chaga, mbali na ukuta.

#28 Daktari wa Mifugo Mstaafu
Umesema vema, na nyingine huanzia shambani ukame ukipiga mahindi yakiwa kwenye gunzi.

#29 Zabibu Kavu
Mimi nipo Hombolo, natoka nje ya mada kidogo. Bata wanafaa kuachiwa kwenye shamba la zabibu? Naambiwa wanakula magugu na wadudu.

#30 Mfugaji Msomi
Wanakula, na mashada yaliyoning'inia chini watayala pia. Waachie baada ya mavuno. Na ujue siku za kupuliza dawa, usiwaingize mpaka muda ulioandikwa kwenye kopo uishe.

#31 Nzuguni B
Turudi kwenye banda. Hawa bata mnasema walale chini, mimi wangu wanapanda juu. Kila jioni nawakuta wamekaa juu ya boriti. Mna uhakika bata analala chini?

#32 Mfugaji Msomi
Inategemea bata yupi. Tunaowaita wa kienyeji, wenye nyama nyekundu usoni, asili yao ni Amerika ya Kusini na ya Kati, kwao porini hulala mitini. Wana kucha kali, wanapenda kupanda, hawalii kwa kelele, wanatoa pumzi kama wanazomea. Hao wawekee boriti pana ya kulalia, isiwe juu sana, kimo cha goti kinatosha, kwa sababu ya nyayo alizosema mzee. Wale weupe wanaopiga kelele ni jamii nyingine kabisa, hao hulala chini. Hata kuatamia ni tofauti: hawa wa kienyeji siku 35, wale wengine 28. Ukiwachanganya wakazaliana, watoto ni tasa.

@Mama Wawili wako ni wapi? Maana kama ni wale wasiopiga kelele, hoja ya daktari kwamba wangepiga kelele inapungua nguvu.

#33 Mama Wawili Ilazo
Mchanganyiko. Waliokufa ni wawili wa kienyeji na mmoja mweupe. Mweupe ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko wote.

#34 Kijana wa Mtumba
Hapo tumerudi mwanzo.

#35 Bibi wa Kisasa
Wanangu, nimefuga bata na kuku pamoja miaka mingi banda moja hamna shida. Kwa nini mama asiwachanganye na kuku, jogoo akisikia kitu atawika.

#36 Daktari wa Mifugo Mstaafu
Mama, jogoo huwika kila saa, nani ataamka? Tatizo la kuwachanganya ni mawili. Bata analowesha banda, kuku hapendi unyevu, anapata mafua. Na bata anaweza kubeba kideri bila yeye kuugua akawapa kuku. Kama una kuku, wachanje, ile ya matone ya jicho inarudiwa kila miezi mitatu au minne, na walale mbalimbali.

#37 Bibi wa Kisasa
Wangu hawajawahi kuugua. Mungu mkubwa.

#38 Mchicha na Mapapai
Jamani maji. Hapa mjini tuna mgao, nani anajaza bwawa la bata? Mimi sina bwawa. Nina karai pana, kina cha kutosha bata azamishe kichwa chote, maana lazima aoshe macho na pua, vikikauka vinaziba. Karai liko juu ya jukwaa la kokoto, chini yake kuna mfereji unaoelekea kwenye mapapai. Kila asubuhi nalimwaga lote, hayo maji yana mbolea, mapapai yangu yamezaa mpaka yanaegemezwa miti. Karai nalihamisha kidogo kila wiki ili pasiwe tope.

Usiku naondoa chakula na maji pamoja. Usimwachie bata chakula kikavu bila maji, anakabwa. Na maji ya kisima yenye chumvi sana usiwape vifaranga, tafuta ya mvua au ya bomba.

#39 Fundi wa Miyuji
Hapo kwenye karai umenena. Liwe nje ya banda la kulala, kabisa.

#40 Nzuguni B
Na viota? Wangu wanataga popote.

#41 Mchicha na Mapapai
Kasha la mbao, sentimita 40 kwa 40, liko chini, kona yenye giza, majani makavu ndani. Wengi wanataga alfajiri, usiwafungulie kabla ya saa mbili au saa tatu asubuhi utayakuta mayai yote ndani. Ukifungua mapema wanakwenda kutaga kwenye maua ya jirani.

#42 Mlinzi Mwenzenu
Mimi nalinda nyumba za watu usiku. Nasema ni mtu. Mnyama mwenye njaa haachi nyama. Bata watatu wenye kilo zao wameachwa wazima? Kuna mtu anawatisha au ana ugomvi na mwenye nyumba, na vichwa vinatumika na waganga.

#43 Mfugaji Msomi
Ndugu, kabla hatujampa mtu jina hilo mtaani, tutafute alama. Watu wameumizana kwa maneno kama haya. Dada, fanya hivi leo: chekecha majivu ya mkaa, yamwage membamba kuzunguka banda la zamani, upana wa hatua moja, hasa mbele kwenye waya. Bata walale kwingine. Ndani weka utumbo wa samaki. Asubuhi piga picha nyayo kabla upepo haujaanza. Alama za kucha zikionekana mbele ya vidole, elekea kwa nguchiro au kicheche. Zisipoonekana, elekea kwa paka au kanu. Ukiona kandambili, tumwombe radhi mlinzi.

#44 Mama Wawili Ilazo
Nimefanya. Usiku wa kwanza hakuna kitu. Usiku wa pili kuna nyayo mbele ya waya, ndogo, za mviringo, hazina kucha. Lakini upande wa nyuma kuna nyingine ndefu kidogo, zina kucha, zimekwenda moja kwa moja mpaka kwenye jalala. Na kwenye waya kuna kipande cha unyoya wa kijivu, laini, kama wa mnyama. Watoto wamekitia kwenye kiberiti wanasema ni ushahidi.

#45 Shemeji wa Kikuyu
Unyoya laini wa kijivu? Hiyo ni manyoya ya kifua cha bundi.

#46 Mfugaji Msomi
Au ya mkia wa kanu. Mwambie mtoto akutazamie: una uti katikati kama wa ndege, au ni nywele tupu?

#47 Mama Wawili Ilazo
Kiberiti wamekwenda nacho shule. Ngoja warudi. @Fundi wa Miyuji tofali zimeshuka leo, wavu wa nusu inchi nimeupata Majengo, upana wake ni mita moja kasoro kidogo. Utatosha au niunganishe?

#48 Fundi wa Miyuji
Unganisha, ila pandisha kimoja juu ya kingine upana wa vidole vinne na ushone kwa waya wa kufungia nondo, kila baada ya shubiri moja. Usiache miisho ikikutana uso kwa uso. Na maungio yaangukie kwenye nguzo.

#49 Kijana wa Mtumba
Mimi nimeongeza taa ndogo ya sola inayowaka kitu kikipita. Siku tatu za kwanza ilisaidia, sasa paka anakuja kuota mwanga.

#50 Mgeni wa Nkuhungu
Habari wakuu, nimesajiliwa leo kwa ajili ya uzi huu. Banda langu ni kama alilolieleza fundi, wavu nusu inchi, msingi wa tofali, komeo mbili na kufuli. Leo asubuhi kufuli lipo, wavu mzima, bata mmoja hayupo. Hakuna damu wala unyoya hata mmoja. Wenzake wametulia wanakula. Niangalie wapi?

#51 Mzee wa Mpwapwa
Tundu lako la kutolea maji lina upana gani, na umelifunika na nini?